Kaburi Nililomwonyesha Mama Ruthi

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kila Alhamisi, mwanamke mzungu alikuwa anakuja kwenye shamba la mama yangu kule Matinyani na fagio mkononi. Anafagia jiwe. Anapanda maua. Anakaa chini kwa vumbi, analia.

Alikuwa analilia mtoto wake.

Shida ni moja tu. Mtoto wake hakuwa hapo.

Na mimi ndiye nilimwambia yuko hapo.

Ngoja kwanza, usinitukane. Nisome mpaka mwisho, halafu ukiwa bado na nguvu ya kutukana, tukana.

Naitwa Kavata. Niko na miaka sitini na mbili, naandika hii kwa simu na kidole kimoja, na miwani yangu imefungwa na uzi upande mmoja. Makosa mtanivumilia. Mume wangu alishaenda, mama yangu alishaenda, kwa hivyo hakuna mtu nitamwaibisha isipokuwa mimi mwenyewe, na mimi nimeshazoea.

Twende.

Mwaka ni 1992. Nina miaka thelathini, nimeolewa na Kiema, fundi wa baiskeli hapo Kitui mjini. Watoto wanaenda shule, karo inatusumbua. Mchungaji akaniambia, "Kavata, kuna wazee wawili wa misheni wanakuja kutoka Kanada. Wanataka mtu wa kupika na kuwatafsiria. Wewe si ulifika kidato cha pili?"

Nikasema nilifika. Kwa nini niliishia hapo kidato cha pili, hakuuliza, na mimi sikumwambia.

Hawa hawakuwa wale wamisheni wa kukaa miaka ishirini na kujenga shule. Walikuwa wastaafu. Misheni ilikuwa inawatuma wazee kama hao kwa miezi kumi na nane hivi, wanatembelea makanisa madogo, wanafundisha akina mama kushona, wanarekebisha tangi la maji, basi wanarudi kwao.

Mzee aliitwa Walter. Miaka sitini na saba, mrefu, masikio makubwa, shingo imechomwa na jua ikawa kama nyanya. Mke wake Irene, mfupi, mnene kidogo, anavaa gauni la maua na gambuti. Gambuti! Kitui! Mahali mvua tunaisikia kwa redio!

Nilimuuliza kwa nini. Akasema anaogopa nyoka.

Nilicheka wiki nzima.

Walikaa nyumba ya mawe nje kidogo ya mji. Asubuhi wanakula uji wao wa kizungu usio na sukari, mimi nikiuonja nawahurumia. Mzee ananyoa ndevu nje, kioo amekitundika kwa mpera. Halafu, sikiza hii, mzee anaosha vyombo. Mwanaume! Majirani walikuwa wanapita hapo mara mbili mbili wakijifanya wanatafuta mbuzi, kumbe wanakuja kuona mzee mzima akisugua sufuria.

Jioni wanacheza drafti na vifuniko vya soda. Bibi anaiba. Mzee anamwona akiiba na ananyamaza. Siku moja nikamwambia, "Mzee, amekula kete yako bure."

Akasema, "Najua. Wacha afurahi."

Hayo maneno niliyakumbuka baadaye sana.

Mara moja kwa mwezi tulikuwa tunatoka safari ya mbali na pikapu yao ya kijani. Tunaenda Kikima, kule juu Mbooni kwa baridi, Bibi ananunua kabichi mpaka hatuna pa kukaa. Tunaenda Kalamba, kuna kanisa mzee alikuwa analiwekea mifereji ya kuvuna maji ya paa. Njiani lazima tairi itoboke. Mzee anavua shati anaanza kazi, Bibi anatoa chupa ya chai na mikate ya mayai, tunakula kando ya barabara kama wachunga mbuzi. Akiona punda anasimamisha gari ampige picha. Kila punda. Nikamwambia, "Bibi, huyu ni yule yule wa jana." Akasema hapana, huyu ana huzuni zaidi.

Ndio hao watu. Nataka uwajue kwanza.

Watu wa Kitui walimpa mzee jina la Nzioka, yule aliyerudi. Kwa sababu kumbe walikuwa wameishi huku zamani. Mwaka wa sitini na mbili na sitini na tatu walikuwa Matinyani, wakati misheni ilikuwa na zahanati ndogo huko. Wakiwa vijana.

Jumapili ya kwanza kanisani, akina mama wakamzunguka Bibi. Si unajua kwetu, mwanamke haitwi jina lake hivi hivi. Wakaniambia, "Muulize, yeye ni Mama nani?"

Nikamuuliza.

Akasema, "Mama Ruthi."

Akina mama wakapiga makofi. Wakauliza, "Ruthi yuko wapi? Amebaki Kanada?"

 Bibi akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hapana. Yeye iko Matinyani."

Makofi yakaisha.

Ruthi alizaliwa 1963 baada ya hawa watu kungoja mtoto miaka tisa. Akaishi miezi minne. Homa ikamchukua kwa siku mbili, baba yake akiwa hapo, dawa zikiwa hapo. Wakamzika nyuma ya zahanati. Bibi akaugua kwa huzuni mpaka misheni ikawarudisha kwao. Mtoto mwingine hawakupata.

Sasa wamezeeka, wamekuja kumtafuta kabla ya kufa. Hii kazi ya mifereji na kushona ilikuwa kweli, lakini Bibi alikuja kwa sababu ya kaburi moja tu.

Wiki ya kwanza mzee alienda Matinyani peke yake na pikapu. Akarudi jioni na vumbi mpaka kwa kope. Bibi akamkimbilia mlangoni.

"Umempata?"

Mzee akavua kofia. "Irene, mahali pamebadilika sana. Sikumbuki vizuri. Tuulize wenyeji."

Bibi akanigeukia. "Kavata, si nyumbani kwenu ni Matinyani?"

Ni kweli. Shamba letu lilikuwa limepakana na ile ploti ya zamani ya misheni. Mimi nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya huyo Ruthi. Nikasema nitauliza.

Nikaenda kwa susu Kalunde, susu kwetu ni nyanya, mwanamke mzee aliyekuwa anafua mashuka ya zahanati wakati huo. Nikamkuta anachambua ndengu.

"Yule mtoto wa wazungu?" akasema. "Asi! Mjukuu wangu, huyo alishaenda. Ile mvua kubwa ya sabini na nane, korongo lilikula nyuma yote ya zahanati. Msalaba, mawe, udongo, kila kitu kikaenda mtoni. Nilisimama hapo nikaona kwa macho yangu."

"Hakubaki kitu?"

"Kitu gani? Nenda ukaangalie hilo shimo. Gari linaingia. Mwambie ukweli tu, na umshike mkono ukimwambia."

Nikaamua nitamwambia. Haki ya Mungu niliamua.

Alhamisi tukaenda wote watatu. Bibi hakuvaa gambuti. Alivaa viatu vyeusi vya kanisa na kofia nyeupe. Mkononi ameshika soksi moja ya mtoto, ya kufuma, ya manjano, imepauka. Akaniambia walimzika Ruthi na moja, hii nyingine amekaa nayo miaka ishirini na tisa.

Tukashuka kwa gari. Akanishika mkono. 

"Wapi, Kavata?"

Korongo lilikuwa mbele yetu, hatua hamsini hivi. Nilitakiwa kunyoosha kidole huko na kusema, mama, aliyekuwa huko hayuko tena.

Nikamwangalia uso.

Nikageuka upande mwingine. Nikampeleka kwenye shamba letu, mwisho kabisa wa tuta la mwisho, chini ya mti wa mukau. Hapo kulikuwa na jiwe jeupe, dogo, ukubwa wa sufuria ya ugali.

Nikasema, "Hapo."

Kwa nini nilionyesha hapo na si mahali pengine? Shamba lote lilikuwa na mawe. Shika hilo swali, nitalirudia.

Bibi akapiga magoti na ile nguo yake nzuri. Hakupiga kelele. Alilaza shavu kwa jiwe kama mtu anasikiliza kama kuna mtu ndani. Akachimba kidogo na vidole, akaizika ile soksi chini ya jiwe.

Mzee alikuwa amesimama na kofia kifuani. Alikuwa ananiangalia mimi, si jiwe. Ananiangalia muda mrefu. Nilidhani ni shukrani.

Mama yangu, Ndululu, akatoka nyumbani na karai la mahindi, akaona mzungu amelalia lile jiwe. Karai likamwanguka.

Akanivuta kando. "Kavata. Umefanya nini?"

"Mwaitu, mama yangu, nyamaza. Nakuomba, nyamaza."

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno mengi. Lakini juu ya hilo akanyamaza.

Mimi nilidhani itakuwa siku moja. Analia, anapiga picha, tunaenda nyumbani. Ukweli nitauleta polepole.

Kesho yake naosha vikombe, namsikia Bibi kwa chumba anaongea na kaseti. Walikuwa wanarekodi kaseti badala ya barua, wanatuma kwa dada yake. Anasema, "Tumempata Ruthi. Yuko chini ya mti mzuri. Familia moja imemtunza miaka hii yote."

Familia imemtunza.

Nilikaa chini kwa sakafu ya jikoni, mikono na povu.

Baada ya hapo ikawa kila Alhamisi. Bibi alinunua fagio la kwetu, la vijiti. Akaleta mbegu za zinia kutoka Kanada, akapanda kuzunguka jiwe. Anafagia, anamsomea Zaburi, anamwambia habari za wiki: mzee ameanguka kwa ngazi, Kavata amechoma chapati, tumeona punda kumi na mmoja.

Na mwaka huo kulikuwa na kiangazi, wacha tu. Mama yangu alikuwa anaenda mtoni kufukua mchanga atoe maji, anabeba mtungi na mgongo, masaa matatu kwenda na kurudi. Ng'ombe wanalia. Lakini kila jioni mama alikuwa anachukua kikombe kimoja cha maji, anatembea mpaka mwisho wa matuta, anamwagia zile zinia.

Kilikuwa kikombe kimoja kila siku. Hakukosa.

Bibi alipoambiwa alilia. "Mwanamke huyu anampa mtoto wangu maji yake ya kunywa!" Akamshika mama yangu, akamkumbatia. Mama yangu alisimama hapo kama mti, mikono chini, machozi yanateremka.

Mimi pia nilikuwa nalia. Kila Alhamisi, nikishafika kwa hilo jiwe, siwezi kujizuia. Bibi alikuwa ananipa kitambaa chake, ananiambia, "Una moyo mzuri, Kavata. Unamlilia mtoto hata humjui."

Nilitamani ardhi inimeze.

Siku moja tunatoka Kalamba, akina mama wamempa Bibi kuku, kuku amefungwa miguu kwa paja lake, mzee anaendesha. Bibi akaniuliza, "Kavata, wewe una watoto wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Nikaangalia nje kwa dirisha mpaka tukafika mji wa Wote.

Hapo Wote mzee alienda kutafuta mafuta, tukabaki mimi na Bibi na kuku. Nikasema moyoni, sasa. Mwambie sasa. Nikafungua mdomo. "Bibi, kuna kitu nataka..."

Yeye akawa anaendelea na yake. Akasema, "Unajua miaka ishirini na tisa sikuwahi kulala usiku mzima? Naota analia na sijui yuko wapi. Tangu ile Alhamisi ya kwanza, nalala."

Halafu akauliza, "Ulitaka kusema nini?"

Nikasema nilitaka kusema huyu kuku anahitaji maji.

Septemba 1993. Wamebakisha miezi mitatu warudi kwao.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Bibi anamenya viazi, mimi nakata vitunguu, ananicheka jinsi nalia kwa vitunguu. Akaweka kisu chini. Akasema, "Walter," sauti ya kawaida tu, kama anamwitia chai.

Mzee alipofika kutoka nje na sabuni ya ndevu usoni, Bibi alikuwa ameshaenda. Moyo. Kiazi kilikuwa bado mkononi, nusu kimemenywa.

Mimi nilipiga nduru mpaka mji mzima ukasikia. Mzee hakupiga. Alikaa kando yake kwa sakafu na ile sabuni ikakauka usoni.

Misheni Nairobi ikasema watapeleka mwili Kanada. Mzee akakataa. Irene alishasema, mara nyingi, mbele ya watu wengi: yeye atalala kando ya Ruthi, Matinyani.

Unaona sasa kamba ilivyonishika shingo?

Mama wa watu anaenda kuzikwa ng'ambo ya bahari, mbali na watu wake wote, kando ya mtoto asiye wake. Kwa sababu ya kidole changu.

Kesho yake mchana nikaenda kwa mzee. Alikuwa jikoni, anaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaosha.

"Mzee, kuna kitu lazima nikuambie kabla ya mazishi. Lile kaburi..."

"Najua," akasema.



Akaendelea kufuta sahani. "Mimi ndiye nilichimba kaburi la binti yangu, Kavata. Na mikono hii. Hata nikizeeka vipi siwezi kusahau ni wapi. Wiki ile ya kwanza nilienda, nikaona korongo. Nilikaa kwa ukingo siku nzima natafuta vile nitamwambia Irene. Nikashindwa. Nikamdanganya kwamba sikumbuki."

"Ulijua kila kitu? Tangu siku ya kwanza?"

"Wewe ulinionea huruma bila kujua. Ulisema uongo niliokuwa nautafuta."

Nikashika meza.

Halafu akaniangalia kama vile aliniangalia ile siku. "Lakini ile siku niliona vile ulilitazama lile jiwe. Hapo kuna nani?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni jiwe tu."

Akaitika kwa kichwa. Hakuniamini, na hakunisukuma. Akasema, "Wazee wakiniuliza, nitasema vile wewe utasema."

Sasa kwetu mtu hazikwi kwenye shamba la watu hivi hivi. Lazima ukoo ukae, ukubali. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hivyo ndugu yake, baba mdogo Kisilu, akaita wazee. Wakakaa uani kwa mama yangu, viti kumi na mbili. Kiema mume wangu alikuja kama mkwe, akakaa nyuma na baiskeli yake. Susu Kalunde alikuja kwa sababu hakuna mkutano alikuwa anakosa.

Mzee Walter akaomba. Mimi natafsiri. Anaomba mke wake azikwe chini ya mukau, kando ya mtoto.

Wazee wakaanza kukubali. Huyu mama tulimpenda. Hakuna shida.

Susu Kalunde akainua fimbo.

"Mtoto gani?"

Kisilu akasema, "Mtoto wao, susu. Yule wa zamani."

"Yule wa zamani alienda na korongo sabini na nane," susu akasema. "Nilimwambia Kavata hapa mwaka jana. Mimi nimezeeka lakini sijarukwa na akili. Mnataka kuweka maiti kando ya jiwe. Kwetu ukichimba kaburi kando ya mtu, unauliza kwanza ni nani amelala hapo. Chini ya jiwe hilo kuna nani?"

 Kila mtu akaniangalia.

Nikamwangalia mzee Walter. Alikuwa anasikia Kikamba kidogo, alielewa. Akafumba macho tu.

Ningeweza kusema susu amesahau. Wangeniamini mimi. Mke wa mtu, mtafsiri wa kanisa.

Mama yangu akafungua mdomo. Nikaona anataka kujibebesha, nikajua atasema ni wake. Nikamtangulia.

Nikasema, "Ni wangu."

Kisilu akauliza, "Nini chako?"

"Mtoto aliye hapo ni wangu. Nilimzaa 1979. Nilikuwa kidato cha pili."

Basi nikasema yote. Baba yake sitamtaja, alihama kabla tumbo halijaonekana. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, akanifungia kwa nyumba ya nyuma miezi mitano. Msichana akazaliwa mdogo sana. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Siku ya tatu asubuhi mama yangu akaja kumchukua, akamkuta ameshapoa kifuani kwangu.

Baba akasema, "Katika boma hili hakuna mtoto aliyezaliwa. Na asilie mtu."

Mama na mimi tukamfunga na leso, tukamzika mwisho wa matuta kabla ya watu kuamka. Mama akaweka jiwe jeupe ili jembe lisipite hapo. Hatukuimba. Hatukuomba. Sikurudi shule. Miaka kumi na tatu napita hapo kama mtu anapita jiwe.

Halafu akaja mzungu ananiuliza, mtoto wangu yuko wapi? Na kidole changu kikaenda chenyewe kwa mtoto wangu.

Ndio jibu la lile swali. Sikulipanga. Nilimwonyesha kaburi pekee la mtoto nililokuwa nalijua.

Kwa sababu ya uongo wangu, msichana wangu alifagiliwa. Alipandiwa maua. Alisomewa Zaburi. Mimi nilipata ruhusa ya kumlilia mbele ya watu kila Alhamisi na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilimwibia Mama Ruthi machozi yake nikampa mtoto wangu. Na alizikwa na leso tu, baridi ya Julai. Kwa mkono wa Bibi akapata soksi, hata kama ni moja.



Nilipomaliza nikasikia baiskeli. Kiema ameinuka, ameishika usukani, anaisukuma kwenda barabarani. Hakuniangalia.

Nikasema basi, ndoa imeisha.

Susu Kalunde akauliza, pole pole sasa, "Anaitwa nani?"

"Hakupewa jina, susu. Siku ya jina ndiyo alikufa."

"Hatuwezi kumletea mgeni kando kama hana jina."

Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya upande wa baba. Huyu hakuwa na upande wa baba. Wazee wakaangalia chini.

Mama yangu akainuka. Mwanamke aliyeambiwa asilie, na hakulia kwa sauti miaka kumi na minne. Akasimama katikati ya wale wazee wote, akajipiga kifua.

"Anaitwa Ndululu," akasema. "Ni wangu. Ana jina langu."

Halafu akaanguka chini akalia. Alilia kilio cha mtu aliyefiwa leo. Akina mama wakatoka jikoni wakaja kumshika, wakaanza kuimba wimbo wa matanga. Walikuwa wanamwimbia msichana wangu.

Mzee Walter akaja mpaka mbele yetu, kofia mkononi, na Kikamba chake cha kutu. Akatuomba mimi na mama ruhusa, Irene alale kando ya Ndululu mdogo.

Mama akanitazama. Nikasema, "Alale."

Kesho yake alfajiri nilienda kwa mukau kuweka alama ya kuchimba. Nikakuta shimo limeshafika kiunoni. Aliyekuwa ndani ni Kiema, peke yake, shati amevua, jasho linamtoka.

Hakusema habari ya asubuhi. Akauliza tu, "Ulisema alizaliwa mwaka gani?"

"Sabini na tisa."

Akahesabu kwa kichwa. "Angekuwa na kumi na minne."

Akaendelea kuchimba. Nilipokaribia jiwe nikaona amelizungushia majani ya migomba, ili udongo usilimwagikie. Hakuniongelesha vizuri mpaka Krismasi, sitawadanganya. Lakini hakwenda popote.

Mzee Walter aliondoka Desemba. Siku ya mwisho aliniomba nimpeleke kwenye korongo. Alikuwa amechuma zinia zote, kofia imejaa. Akasimama kwa ukingo, akatupa moja moja. Akaita, "Ruthi." Akaita tena kwa nguvu. Mwanaume niliyemwona akisugua sufuria bila aibu, siku hiyo nilimwona akilia bila aibu. Hiyo siku Bibi angetakiwa kuwa hapo. Nilimnyima mimi. Alilala usingizi mzuri mwaka mmoja na miezi miwili, lakini hakuwahi kumlilia mtoto wake mahali mtoto alipoishia. Hilo bado linaniuma, na sitajitetea.

Mzee aliniandikia barua mpaka 1997. Halafu zikakoma, na mimi nikaelewa.

Mpaka leo, Alhamisi nikiwa na nguvu naenda Matinyani na fagio. Nafagia makaburi mawili. Nawapa habari za wiki.

Kwa hivyo ukitaka kutukana, nafasi ndiyo hii.

Lakini kama wewe ni mama na kuna mtoto uliambiwa usimtaje, tafadhali usifanye kama mimi, usingoje mgeni avuke bahari aje amlilie kwa niaba yako. Mpe jina. Mwambie mtu mmoja, hata kama ni jirani, hata kama sauti inatetemeka. Na ukiona mama mwingine ananyamaza akiulizwa watoto ni wangapi, usimharakishe.

Juzi kliniki, muuguzi alikuwa ananijazia fomu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, una watoto wangapi?"

Nikamwambia watatu.